Mama Prezida wa Klabu ya Nzi

Ukitaka kumjua Mama Prezida, anza na kofia yake. Ilikuwa kofia ya kanisani, pana, ya zambarau, aliyoishona mwenyewe kwa sababu alikuwa fundi cherehani pale Manika, mtaa wa Kolwezi, mji wetu wa migodi, na ukanda wake ulijaa ndoano. Wakati wa kupeana amani, watu wa benchi la nyuma walimpa mkono kwa mbali. Niliona kwa macho yangu shela la bibi harusi likinasa kwenye kofia ile, bibi harusi akavutwa akipepesuka, na Mama Prezida akazidi kusonga mbele kwenda kupokea komunyo bila habari. Alipoambiwa, alimgeukia bwana harusi akasema, “Tata, huyu nilimukamata mi. Lakini nakurudishia.”

Padri alicheka mpaka akasahau alipofikia.

Ukoo wake sikuuliza, wala alikozaliwa. Walioulizia mambo hayo walikuja baadaye, na nitawafikia. Kwangu alikuwa rais wa klabu yetu ya kuvua kwa nzi, basi, na cheo hicho alikibeba kama wengine wanavyobeba cha gavana.

Nzi wenyewe si wale wa jalalani. Ni ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na uzi mpaka samaki aione kama mdudu aliyeangukia majini. Klabu ilianzishwa na mainjinia wa kigeni, zamani mgodi ulipokuwa unalipa vizuri, na walivua kwenye ziwa la bwawa, pale mto Lualaba unapozuiwa ili utupe umeme. Kibao cha klabu kilisema hivyo kwa Kifaransa, kuvua kwa nzi, na mtaa ukaelewa ulivyoelewa. Wiki moja mama mmoja muuza nyama alifika kwa Mama Prezida na kopo la maziwa lililofunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na nzi hai, wanene, wa buchani.

“Balisema munanunuaka banzi,” alisema yule mama. “Hizi ni za ng’ombe, si za mbuzi.”

Mama Prezida alilipokea kopo kwa mikono miwili, akashukuru, akampa kitambaa cha kichwa. Nilimuuliza kwa nini hakumweleza ukweli. Akaniambia kuwa mtu aliyekamata nzi wote wale kwa mkono ana subira kuliko mwanachama yeyote wa klabu, na kwamba atamfanya mwanachama. Kweli alimfanya, na sisi wengine tukaona aibu kidogo, kwa sababu mama yule alijifunza kurusha uzi haraka kuliko sisi wote.

Jinsi yeye mwenyewe alivyoingia ni hadithi aliyopenda kuisimulia mbele ya mumewe, ili amwone akiinamisha kichwa. Mumewe alikuwa fundi umeme wa mgodini, mtu mpole, mwanachama wa kwanza mweusi wa klabu ile. Kila Jumapili mchana alipotea. Mkewe akajiambia kuna mwanamke. Akavaa viatu vya kisigino, akapanda gari la abiria mpaka ziwani, tayari kumkwangua mtu uso. Akamkuta mumewe peke yake, maji mpaka magotini, anapunga fimbo hewani na kujisemesha.

“Nilikasirika zaidi,” alikuwa akisema. “Mwanamuke ningemupiga. Fimbo unaipiga namna gani?”

Akamnyang’anya fimbo. Jioni ile mumewe alirudi nyumbani akimbebea viatu, naye hakuiachia tena fimbo. Nzi zake alianza kuzifunga mwenyewe kwa manyoya ya jogoo, nyuzi za dukani kwake, na waya mwembamba wa shaba ambao mumewe aliuchomoa kwenye mota zilizoungua. Wavuvi wenzetu wa Likasi na Lubumbashi, tulioshindana nao kila mwaka, walileta nzi za kununua Ulaya, ndani ya visanduku vizuri. Samaki wa Lualaba walizidharau. Mama Prezida alisema ni haki yao, samaki wa Kolwezi lazima ale shaba ya Kolwezi.

Manyoya hayo ya jogoo, sasa. Hakuna jogoo wa Manika aliyelala salama shingo yake ikiwa nyekundu. Mtu aliyeweza kulia kwa ajili ya samaki aliyechanika mdomo alikuwa akiwanyonyoa majogoo wa majirani bila huruma, na wakilalamika anajibu kwamba manyoya huota. Samaki mwenyewe hakula. Hakupenda harufu yake. Rais wa wavuvi alikula kuku, na ugali, na sombe, yaani kisamvu, isiyotiwa dagaa, na ukimwekea samaki mezani anasogeza kiti.

Na subira yote ile aliyoisifu kwa muuza nyama, yeye hakuwa nayo, isipokuwa majini. Kwenye foleni ya mkate alisukuma. Mahubiri yakirefuka alikohoa. Mimi alinifundisha kurusha uzi kwenye uwanja wa mpira wa shule yangu, bila ndoano, wanafunzi wakituchungulia madirishani, na kila nilipokosea alinipiga kisogoni kwa gazeti.

“Mwalimu! Unapiga maji sawa unapiga nyoka. Andika! Weye si njo unaandikaka ubaoni? Andika juu ya maji, pole pole.” Kwetu “njo” ni “ndio” yenu.

Mimi niliingia klabu kwa njaa, sifichi. Mshahara wa ualimu ulikuwa umeshakuwa hadithi. Siku ya kwanza nikakamata tilapia mkubwa kama sahani, nikawa nishamwona kwenye sufuria na nyanya. Mama Prezida akaja, akalowesha mikono, akamwachia majini mbele ya macho yangu. Sijawahi kumchukia mtu namna ile. Akaniambia, “Huyu ni mama. Bamama tunarudisha. Ngojea, utapata dume.” Nilingoja mpaka jua likazama, nikapata dume dogo, nikala nimenuna.

Hapo ndipo niseme jambo lililokuwa moyoni mwake kuliko yote. Kwenye ziwa lile kuna ghuba moja, pale kijito kinapoingia, maji ya kina kifupi yenye majani. Mvua za kwanza zikinyesha, tilapia huenda huko. Dume huchimba kishimo kwenye mchanga, jike hutaga, kisha jike huyakusanya mayai yote kinywani na kukaa nayo humo, bila kula, mpaka watoto waogelee. Ukimtoa ghubani wakati huo, umetoa ukoo mzima. Mama Prezida alitaka ghuba ile ifungwe kila mwaka kuanzia mvua za kwanza mpaka watoto watoke. Hicho tu. Alikitaka kama watu wengine wanavyotaka nyumba.

Alizunguka ofisi. Ofisi zilimpa viti na tabasamu. Basi akaenda kwenye nguvu yenyewe, yaani wanawake wauza samaki wa soko la Manika, kwa sababu mvuvi hata awe jeuri vipi, mama wa sokoni akisema sinunui, kwisha. Nilikuwapo, nimebeba beseni. Ndani mlikuwa na tilapia mmoja jike, hai, tuliyemleta na maji yake kutoka ghubani. Wauzaji walikuwa wanacheka tangu tulipofika: wanatuita Banzi, wanauliza leo tunauza mbu. Mama Prezida alimshika yule samaki taratibu, akambonyeza taya, kinywa kikafunguka, na watoto wakamwagika kwenye beseni, wengi, wadogo kama kucha, macho matupu. Kisha akamwachia mama yao katikati yao. Wale watoto wakaanza kumwendea, wakarudi kinywani mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja.

Wauzaji waliacha vicheko, wakainama juu ya beseni. Nimefundisha maisha yangu yote na sijawahi kupata darasa lililotazama namna ile.

Muuzaji mmoja, mkubwa wao, aliyekuwa na sauti ya kuita gari moshi, alisema, “Weh! Njo anafungaka kinywa? Mi nilizani ni kiburi.” Kisha akawageukia wenzake: “Kuanzia leo, mwanaume akiniletea mama wa kinywa yenye kufunga, arudishe. Sinunue.” Na wengine wakaitikia, “Arudishe!”

Hivyo ndivyo neno lilivyopatikana. Tulilipaka rangi nyekundu kwenye ubao mkubwa na kuusimika kwenye mdomo wa ghuba, herufi za urefu wa mkono: RUDISHA. Kuna methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Mama Prezida aliibadilisha, akasema samaki umrudishe angali mzima, na alipotusikia tunasema ile ya zamani alitusahihisha kama katekista.

Kisha mambo yakaharibika, yote kwa pamoja, kama yalikuwa yamepeana ahadi. Mgodi ulianguka. Askari walipora maduka, wageni wakaondoka na ndege, mainjinia wakatuachia funguo za kibanda cha klabu na fimbo zao. Ndipo tulipomchagua yeye kuwa rais, kwa kelele, bila kuhesabu mikono. Watu waliokuwa wafanyakazi wa mgodi jana, leo walikuwa ziwani na vyandarua, na wengine na baruti waliyoitoa machimboni. Baruti ukiitupa majini, samaki wote huelea, wadogo kwa wakubwa. Tuliisikia toka mbali. Kila mlio Mama Prezida alifumba macho.

Na mwaka haujaisha, ikaja ile ya kufukuzana. Watu wa asili ya mkoa wa Kasai, ambao babu zao waliletwa kufanya kazi migodini, waliambiwa si wa hapa, warudi kwao. Mama Prezida na mumewe walikuwa wa asili hiyo. Mimi ni wa kaskazini ya Katanga, mimi hakuna aliyenigusa. Vijana walipita mtaani kwa makundi wakiimba, na kwenye mlango wa kila nyumba iliyotakiwa kuhamwa waliandika neno moja kwa chokaa. Niliona mlango wa Mama Prezida asubuhi. Waliandika RUDISHA.

Nilisimama pale nimejaa hasira. Yeye alitoka, akausoma mlango wake, akalilamba dole gumba, akafuta mkia wa herufi ya mwisho uliopinda, akasema, “Hata kuandika habajue.” Kisha akanigeukia, akasema wazi, “Mwalimu, bananiibia neno yangu.”

Kesho yake yeye na mumewe walikuwa gare, stesheni ya treni. Aliyekuwa Kolwezi wakati ule anaijua gare: maelfu ya watu wakilala kwenye saruji na chini ya mahema ya magunia, wakingoja mabehewa ya mizigo, kipindupindu kikipita katikati yao. Siku chache baadaye nilikwenda na unga na maji. Nilimkuta amekaa juu ya cherehani yake, kofia kichwani, anafunga nzi. Mumewe alikuwa amelala pembeni, homa imemshika. Hakunisalimia vizuri. Aliuliza, “Mvua?”

“Inaanza, Mama.”

“Na ghuba?”

Hapo nikamweleza jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijalielewa mpaka siku mbili kabla. Niliogopa kwenda kuangalia, nikaenda. Huko ziwani kote walikuwa wanalipua. Lakini ghubani kulikuwa kimya. Wavuvi wa baruti walifika kwenye mdomo wa ghuba, wakaona ule ubao mwekundu, RUDISHA, wakageuza mitumbwi. Niliuliza mmoja kwa nini. Akanitazama kama mjinga. Akaniambia, hauoni hapa banaandika? Hapa ni pa bale bijana. Ukigusa kitu yabo, banakurudisha na weye.

Mama Prezida alikuwa na uzi mdomoni. Aliutoa. “Sema tena,” aliniambia.

Nikasema tena. Akaanza kucheka. Alicheka akashika tumbo, akacheka mpaka mumewe akafumbua macho, mpaka watu waliokaa na masanduku yao wakageuka, wengine wamekasirika, kwani nani anacheka mahali kama pale? Lakini kicheko chake kilikuwa cha kuambukiza, na mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akaanza, bila kujua anacheka nini.

“Wapumbavu hawa!” alisema alipopata pumzi. “Balikamata neno yangu juu ya kunifukuza. Mi nitakamata woga yabo, nilindiye batoto bangu. Mwalimu, sikiliza. Huyo ubao, musiuguse. Musieleze mutu. Rangi ikianguka, mupake ingine, nyekundu, ya kuogopesha. Banaona ni yabo? Muache baone. Samaki hajue kusoma.”

Kisha akaitisha mkutano wa klabu, pale pale, juu ya saruji ya gare. Tulikuwa wanachama wachache tuliothubutu kufika, pamoja na yule muuza nyama wa nzi hai. Ajenda ilikuwa moja: nani atapaka rangi. Mimi nikainua mkono, na muuza nyama akainua mikono yote miwili. Mama Prezida akasema mkutano umefungwa, akampa kila mmoja wetu nzi aliyoifunga pale, shingo ya jogoo na shaba.

Waliondoka mchana, kwenye behewa la wazi. Aliipunga kofia mpaka treni ikapinda. Mumewe hakufika. Alizikwa njiani, kwenye stesheni ambayo mkewe hakupata kujua jina lake, na habari hiyo ilinifikia baada ya miezi, kwa mdomo wa mchuuzi. Nililia. Alikuwa ameninyooshea uzi wangu uliokwama kwenye matete mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na hakuwahi kunicheka.

Tukapaka rangi. Kila mwaka kabla ya mvua, mimi na muuza nyama, tunavizia tukiwa peke yetu kama tunafanya uhalifu. Woga wa wavuvi ulidumu kuliko vijana wenyewe, ambao walitawanyika, wakaoa, wakapata vitambi. Na woga ukikaa muda mrefu huwa desturi, mtu hamjui tena aliyeuanzisha. Ikafika wakati wavuvi wa kando ile ndio pekee waliokuwa na samaki wa kuuza, upande mwingine maji yamebaki matupu, nao wakaanza kuelewa. Wakaunda kamati. Wauza samaki wa Manika wakadai nafasi ndani yake, wakapata zaidi ya nafasi: wakawa wao ndio walinzi. Chifu akatia neno lake. Sikuamini. Nilifundisha watoto wa shule nzima habari za kinywa cha tilapia, nikiringa kana kwamba nilimbuni mimi.

Mama Prezida alikuja tena nikiwa nimestaafu. Alikuja kumtembelea mtoto wa ndugu yake aliyerudi kufanya kazi kule Kingamyambo, wanakosafisha mabaki ya madini, na alifika mlangoni kwangu juu ya pikipiki ya taxi-moto, mama mzee, amekaa upande, fimbo ya kuvulia ndani ya gunia begani. Kofia ilikuwa mpya, ya kijani. Alisema, “Mwalimu, unazeeka vibaya. Twende.”

Nilijaribu kumwambia kitu njiani lakini upepo wa pikipiki ulinikatiza, na kusema kweli nilitaka aone mwenyewe. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Tulishuka kwenye mdomo wa ghuba. Maji yalikuwa safi, na chini, kwenye mchanga, vishimo vilikuwa vingi hata havina nafasi katikati yake, na juu ya kila kishimo dume anazunguka, na majike, wamefunga vinywa, wametulia kwenye majani. Mama Prezida aliweka mkono kifuani. Machozi yalimshuka, hakuyafuta. Nami nilijawa na furaha.

Kisha, ndivyo alivyo, akaitoa fimbo kwenye gunia.

Filimbi ikalia. Kwenye ukingo alitokea mwanamke wa makamo, kitenge na mabuti ya mpira, filimbi shingoni, mmoja wa walinzi wa kamati. Alikuja kwa hasira.

“Mama! Mama weye! Hauone? Kunafungwa.”

“Natupa uzi tu,” alisema Mama Prezida. “Bila ndoano. Angalia, haina kitu.”

“Hata bila ndoano. Uzi unaogopesha bamama, banameza batoto. Uko mugeni hapa?”

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nishapata sentensi nzima: unajua unamfokea nani? Mama Prezida alinikanyaga mguu, kwa nguvu.

“Niko mugeni,” alimwambia yule mwanamke, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kumwona nao. “Samahani, mama. Nani aliweka hii sheria?”

“Ni ya zamani,” alisema mlinzi. “Tuliikuta. Ni ya hapa kwetu.” Kisha akanyoosha mkono kuelekea barabarani. “Muende. Muende sasa, murudi wakati batoto batatoka.”

Mama Prezida aliichomoa fimbo yake kipande kwa kipande, akaifunga kwenye gunia, akamwinamia yule mwanamke kichwa. Tulipanda mteremko taratibu kwa ajili ya magoti yake. Mlinzi alibaki anatutazama mpaka tukawa mbali, mikono kiunoni. Mama Prezida alianza kucheka kabla hatujafika barabarani, kicheko kile kile cha tumbo zima, na akanishika mkono ili asianguke.

“Mwalimu, Kolwezi inanifukuza mara mbili,” alisema. “Lakini hii ya leo, mi njo niliitunga.”